Sauti ya Lord Quas: mbona plagini ya pichi haiifikii?

#1 Mkunjo
Wakuu, salaam. Swali kwa watu wa studio.

Mnaijua ile sauti nyembamba ya Lord Quas, rapa wa kubuni, kwenye albamu ya The Unseen ya mwaka 2000. Ni prodyuza na rapa Madlib mwenyewe, wa Oxnard, California, sauti yake nzito imepandishwa. Sasa nikichukua teki (rekodi moja) ya rapa mwenye besi nikaipandisha pichi nusutoni 4 (hatua nne ndogo za noti) kwa plagini, yaani kiprogramu cha studio, sipati kitu kile. Napata mtu anayeongea ndani ya kopo: herufi s zinachoma, k na t zinagonga mara mbili, irabu ndefu zinatetemeka.

Dai langu: tatizo ni formanti, yaani rangi ya sauti inayotokana na umbo la koo na mdomo. Plagini inapandisha noti na kuacha umbo la koo na mdomo wa mtu mzima, wakati kanda ikikimbizwa inapandisha vyote. Mwenye hoja nyingine ailete.

#2 Kanda4
Mkunjo, pale haikupandishwa teki ya kawaida. Biti ilipunguzwa mwendo, akachana taratibu juu yake, ndipo sauti ikarudishwa kwenye kasi. Kazi inaanzia kwenye maiki.

Hesabu ni hii. Nusutoni moja ni uwiano wa 1.0595. Nusutoni 3 ni 1.189, 4 ni 1.26, 5 ni 1.335. Biti yako ikiwa 90 BPM (mapigo kwa dakika) na unataka nusutoni 4, gawanya 90 kwa 1.26, unapata 71.4. Shusha biti hadi hapo, na pichi yake ishuke pamoja na mwendo. Rapa achane kwenye 71.4, umalize teki zote, adlibu (vineno vya pembeni) na dabo (mistari iliyorudiwa juu ya sauti kuu) zikiwemo. Kisha sauti tupu ikimbizwe mara 1.26 na iwekwe juu ya biti halisi ya 90.

Kosa la kawaida: mtu anapunguza mwendo wa biti lakini anaiachia pichi yake ya mwanzo. Rapa akiegemea noti za biti hiyo, ukirudisha kasi sauti inakuwa nusutoni 4 juu ya muziki, na kiitikio chochote chenye melodia kinaharibika.

#3 binti_sauti
Asante Kanda4 kwa hesabu. Ila #1 hoja ya formanti umeigeuza. Plagini nyingi za pichi, kama hujawasha kile kitufe cha kulinda formanti, zinahamisha formanti pamoja na noti, sawasawa na kanda. Jaribu uone: teki moja, nusutoni 4 juu, kitufe kimewashwa, unasikia mtu mzima anayesema kwa sauti ya juu. Kizime, unasikia kiumbe kidogo. Lord Quas ni huyo wa pili. Kwa hiyo formanti haitenganishi kanda na plagini.

Kinachotenganisha ni muda. Plagini inatakiwa kupandisha pichi bila kufupisha sauti, kwa hiyo inaikata vipande vidogo vya milisekunde 20 hadi 50 hivi, inavipandisha, halafu inarudia baadhi yake kuziba pengo. Irabu ndefu inavumilia kurudiwa. Konsonanti kama p, t na k ni mlipuko wa mara moja, ukirudiwa unasikia mapigo mawili. Hilo ndilo unalolalamikia. Kanda hairudii kitu.

#4 MzeeReli
Kwa wasio na mashine ya kanda, mahali pa kubonyeza kwenye programu za kurekodi:

Reaper: chagua kipande, F2, ondoa tiki kwenye "Preserve pitch when changing rate", andika 1.26 kwenye playback rate. Ableton: weka biti kwenye Re-Pitch, shusha tempo ya mradi hadi 71.4, rekodi, halafu kipande cha sauti nacho kiwe Re-Pitch kabla hujarudisha tempo hadi 90. FL Studio: klipu ya sauti, sehemu ya kunyoosha muda, chagua Resample. Audacity: ile athari ya kubadili kasi pamoja na pichi, si ile ya kubadili tempo.

Ableton ina mtego. Kipande kipya cha sauti kinaweza kuja na hali nyingine ya kunyoosha, kwa mfano Beats au Complex. Ukirudisha tempo bila kubadilisha, sauti inakimbia lakini pichi inabaki pale pale, na rapa anasikika mtu mzito mwenye haraka. Wengi wanaishia hapo wanasema mbinu haifanyi kazi.

#5 Ngomakali
Nyote mnapiga hesabu za mashine, rapa mmemsahau 😀

Mtu akichana kwenye 71 badala ya 90 anabadilika mdomo. Irabu zinanyooka, konsonanti anazitamka hadi mwisho, pumzi anaivuta katikati ya mstari mahali ambapo kwenye 90 asingepata nafasi. Ukikimbiza, unapata mtu mwenye matamshi safi mno kwa kasi ile, na pumzi fupi fupi za haraka. Sikio linajua kuna kitu si cha kawaida hata kabla ya kusikia pichi. Kwangu hiyo ndiyo siri, mashine ni nyongeza.

Pimeni. A: rekodi kwenye 71.4, kimbiza kwa njia ya kanda. B: rekodi kwenye 90, pandisha nusutoni 4 kwa plagini. C: rekodi kwenye 71.4, nyoosha muda hadi 90 bila kugusa pichi, kisha pandisha nusutoni 4 kwa plagini. C ikikaribia A, mshindi ni uchanaji. C ikikaribia B, mshindi ni mashine.

#6 Kanda4
MzeeReli, na wenye mashine tusiwaache. Mashine za kanda za njia nne zina kitufe cha pichi chenye mipaka, nyingi huishia asilimia 10 au 15 kila upande. Ukirekodi biti katikati, ukavuta kitufe hadi chini kabisa ili uchane, halafu ukarudi katikati, kwa asilimia 15 unapata uwiano wa 1.176, nusutoni 2.8 tu. Kwa asilimia 10 unapata 1.8. Haitoshi.

Tumia safari nzima ya kitufe. Ingiza biti kitufe kikiwa juu kabisa. Vuta chini kabisa, rekodi sauti. Rudisha juu kabisa kwa kusikiliza na kutoa. Biti inatoka na pichi yake halisi kwa sababu imeingia na kutoka kwa kasi ileile, lakini sauti imetoka 0.85 hadi 1.15, uwiano wa 1.353, nusutoni 5.2. Mashine ya asilimia 10 inakupa 3.5. Desimali hizo hazina shida kwa kuchana. Zina shida kwa kuimba, kwa hiyo kama kuna kiitikio, weka alama kwa kalamu pale kitufe kinapokupa nusutoni kamili.

#7 binti_sauti
Ngomakali, jaribio lako zuri ila C ina kasoro mbili. Ukinyoosha muda kwa algoriti moja kisha ukapandisha pichi kwa nyingine, sauti imekatwa vipande mara mbili. Itasikika mbaya kuliko B, na hutajua kama ni uchanaji au makovu. Ukifanya vyote viwili kwa plagini moja kwa wakati mmoja, baadhi ya algoriti zitaona kwamba 1.26 ya muda na 1.26 ya pichi zinakutana, zitafanya kukimbiza tu, na C itakuwa A kwa jina jingine.

#8 Ngomakali
Basi nipe jaribio bora dada, usiniachie kasoro tu.

#9 DiEsa
Kuna vitu viwili havijaguswa: s na chumba.

Nguvu ya s kwa mwanaume iko takriban 5 hadi 8 kHz. Zidisha kwa 1.26, inahamia 6.3 hadi 10. Ukipitisha di-esa (kifaa cha kupunguza s kali) kabla ya kukimbiza kisha ukaridhika, umedhibiti mahali ambapo s haitakuwepo. Di-esa ije baada ya kukimbiza, uanze kutafuta kwenye 7 kHz kwenda juu. Kichujio cha kukata besi nacho vivyo hivyo: mlio wa p uliokuwa 80 Hz sasa uko 100. Hapo hakuna cha kuogopa, maana noti za chini kabisa za rapa zimepanda pia, unaweza kukata hadi 110 au 120 bila kumla sauti.

Chumba: mwangwi wa nusu sekunde ukikimbizwa mara 1.26 unakuwa sekunde 0.4, na rangi yake inapanda. Msikilizaji anasikia kiumbe kidogo ndani ya chumba kidogo. Kwenye plagini ya pichi mwangwi unabaki na urefu wake, sauti ndogo katika ukumbi uleule. Kwa hiyo mimi nasema tofauti kubwa anayoisikia Mkunjo ni chumba kilichoingia kwenye teki. Rekodi kavu kabisa, magodoro na mablanketi, maiki sentimita 15 hadi 20, uone kama tofauti haipungui.

#10 MzeeReli
DiEsa hilo la chumba lina mantiki, lakini halielezi k na t kugonga mara mbili. Hapo binti_sauti bado anashikilia.

Nyongeza: sauti ya 44.1 kHz (sampuli 44,100 kwa sekunde) ina mpaka wa 22.05, nusu yake. Ukikimbiza mara 1.26, chochote kilichokuwa juu ya 17.5 kHz kinavuka mpaka. Programu nzuri inakichuja. Programu mbovu inakirudisha chini kikiwa mlio wa ajabu juu ya s, na mtu anailaumu maiki. Kama kuna mpangilio wa ubora wa kubadili sampuli, uweke wa juu wakati wa kutoa faili.

#11 Mgeni_Mbeya
Habari za humu. Nafuatilia uzi, nimepata mengi. Na sauti ya kushuka je, ile nzito ya Houston? Ni kinyume tu cha hayo?

#12 Kanda4
Karibu. Karibu kinyume, lakini si chote.

DJ Screw wa Houston, aliyefariki Novemba 2000, alikuwa anachanganya muziki uliokwisha kurekodiwa. Nakala mbili za santuri ileile, moja nyuma ya nyingine kwa pigo moja, anakata kwenda na kurudi ili neno lirudiwe. Huko ndiko kukatakata. Kisha mchanganyiko mzima unapunguzwa kasi kwenye kanda. Sauti ya rapa inashuka pamoja na ngoma, besi na kila kitu, ndiyo maana inakaa vizuri: hakuna kilichobaki nyuma.

Wewe ukitaka rapa peke yake ashuke juu ya biti ya kawaida, geuza hesabu. Biti ya 70 BPM, nusutoni 3 chini: 70 mara 1.189, achane kwenye 83.2. Hapo kuna shida mbili. Kwanza mistari iliyoandikwa kwa 70 inabana pumzi kwenye 83, mwandikie mistari mifupi au rekodi mstari mmoja mmoja. Pili konsonanti zinalegea zikishuka, kwa hiyo atamke kwa ukali kuliko kawaida, hasa k, t na ch. Akichana kivivu, ukishusha hutasikia neno.

#13 Mkunjo
Kwa kushusha ni lazima kurekodi kwenye 96 kHz au sivyo? Nimesikia sauti inapoteza uangavu.

#14 MzeeReli
Inapoteza kweli. Nusutoni 3 chini, kilichokuwa 20 kHz kinakuwa 16.8. Ukirekodi kwa 96 kuna akiba ya juu inayoshuka kujaza nafasi.

#15 DiEsa
Akiba hiyo iwepo kwanza. Maiki nyingi za kuchania zinaanguka baada ya 20 kHz, nyingine hata kabla ya 16. Faili la 96 litakuwa kubwa zaidi ya mara mbili na juu hakuna kitu. Bora upandishe 8 hadi 10 kHz kwa EQ (kirekebisha masafa) desibeli 2 au 3 baada ya kushusha.

#16 MzeeReli
EQ haileti kisichokuwepo, DiEsa. Inapandisha kelele.

#17 DiEsa
Na 96 haileti kisichosikiwa na maiki. Tumefungana.

#18 Ngomakali
Mgeni, kuna njia ya mkato inayotumika sana sasa: kivuli cha oktavu. Nakili sauti kuu, shusha nusutoni 12 bila kulinda formanti, weka chini ya sauti kuu kwa desibeli 12 hadi 15, kata chini ya 100 Hz isigombane na besi. Iingie kwenye neno la mwisho la mstari au kwenye adlibu tu. Ikikaa muda wote msikilizaji anaizoea na haina kazi tena.

Angalia ucheleweshaji. Plagini za pichi zinachelewa, na kama programu haifidii, kivuli kinakuja milisekunde kadhaa nyuma na konsonanti zinafanya mikia. Kata kabisa s, t na k kwenye kivuli, acha irabu.

#19 Wa_Kisauni
Mnazunguka tu, siku hizi ni Auto-Tune inafanya yote. Na imetengenezwa kwa ajili ya wasiojua kuimba.

#20 binti_sauti
Kaka wa Kisauni, ilitengenezwa kurekebisha noti bila msikilizaji kujua. Andy Hildebrand alitokea kwenye kazi ya kuchambua mawimbi ya ardhini kutafuta mafuta, Auto-Tune ikatoka 1997. Ile sauti ya kuruka inatokea ukiweka kasi ya kurekebisha kwenye 0. T-Pain aliifanya rangi yake kuanzia 2005, na Kanye West akajengea albamu nzima ya 808s & Heartbreak mwaka 2008. T-Pain anaimba vizuri bila hiyo, ndiyo sababu inamkaa. Anayeshika noti huamua mashine iruke lini. Asiyeshika, mashine inamwamulia.

Kwa rapa ni ngumu zaidi kuliko kwa mwimbaji. Mtu anayechana pichi yake inateleza kama ya anayeongea, na mashine ikiwa na noti zote 7 za skeli inarukaruka kila silabi. Zima noti nyingi, bakisha 3 hadi 5 zinazolingana na biti. Kwenye Kiswahili kuna jambo jingine: tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, halafu ya mwisho inaanguka. "Nimeshasema": SE iko juu, MA inaporomoka, mashine inaikamata MA na kuishusha noti mbili. Mstari mzima unaisha kwa mporomoko uleule, na rapa anasikika mnyonge. Dawa ni mbili: rapa aishike silabi ya mwisho kwenye noti ya silabi iliyotangulia, au uzime ile noti ya chini ili MA isiwe na pa kuangukia.

Ikae ya kwanza kwenye mnyororo, kabla ya kompresa na mwangwi. Na hedifoni zisivuje. Biti ikiingia kwenye maiki, mashine inafuata besi badala ya mtu.

#21 Wa_Kisauni
Hiyo ya silabi ya mwisho sijawahi kuisoma popote. Shukrani dada. Ila arekodi akiisikia au uweke baadaye?

#22 DiEsa
Baadaye, faili libaki safi.

#23 binti_sauti
Arekodi akiisikia masikioni, faili libaki kavu. Yote yanawezekana kwa pamoja. Asipoisikia hawezi kuicheza. Bafa (sampuli ambazo kompyuta inakusanya kabla ya kuzichakata) ya 128 kwenye 44.1 kHz ni milisekunde 2.9 kuingia na nyingine kama hizo kutoka, anavumilia. Bafa ya 512 ni 11.6 kila upande, anaanza kuburuta nyuma ya biti na utadhani hana mdundo. Washa hali ya ucheleweshaji mdogo kwenye Auto-Tune yenyewe, na zima plagini nzito za mradi mpaka amalize.

#24 Ngomakali
Na sauti ya roboti ya Afrika Bambaataa kwenye Planet Rock 1982, kwa vokoda (mashine inayochanganya sauti ya mtu na ya kinanda). Msimsahau.

#25 Kanda4
Pale hakukuwa na vokoda, Ngomakali. Ile sauti ilipitishwa kwenye Lexicon PCM 41, mashine ya dilei, kwa ucheleweshaji mfupi sana. Dilei fupi yenye marejeo (sauti inayorudishwa ndani ya mashine) inalia noti yake yenyewe, na sauti inachukua rangi ya chuma. Weka milisekunde 10, marejeo asilimia 60 hivi, utasikia mlio wa 100 Hz ukimfuata mtu kila neno. Badilisha muda, noti inabadilika.

Na kabla hamjaiita California Love ya 2Pac vokoda pia: yule ni Roger Troutman wa Zapp, na ni tokiboksi. Sauti ya kinanda inapita kwenye bomba hadi mdomoni, mdomo unachonga maneno, maiki inachukua. Koo halitoi sauti kabisa.

#26 MzeeReli
Tukiwa kwa 2Pac, alijulikana kwa kurudia mistari yake mara mbili hadi tatu, teki halisi. Vijana wananakili teki moja mara mbili wanasema dabo. Nakala ileile ni desibeli 6 zaidi, basi. Wakiisogeza milisekunde 20 wanapata upana kwenye hedifoni, lakini kwenye simu yenye spika moja inafuta 25 Hz, 75, 125, 175 na kuendelea kila 50, sauti inakuwa na tundu. Rudia teki. Dabo mbili, kushoto na kulia, desibeli 6 hadi 10 chini ya kuu, na konsonanti za mwisho wa maneno zikatwe kwenye dabo ili t zisilie mara tatu.

#27 Mtaa_wa_Pili
Na singeli mbona hamuigusi? Vipande vya taarabu vimekimbizwa, biti inapita 200 BPM, na Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilishaitoa kwenye Sounds of Sisso mwaka 2017. Huku Dar kukimbiza sauti si jambo la kusimuliwa na Oxnard.

#28 Kanda4
Kweli kabisa mkuu. Na hapo hesabu inageuka: kipande cha taarabu kinakimbizwa na pichi yake, MC anachana kwa kasi halisi. Kinachosikika kama kimepungua ukubwa ni ala, mtu anabaki na ukubwa wake. Ukimkimbiza na yeye, maneno kwenye 200 hayasikiki. Ukilazimika, nusutoni 1 au 2, usizidi.

#29 Mtaa_wa_Pili
Nusutoni 2 ni nyingi kwa MC mwenye sauti nyembamba tayari. 1 inatosha.

#30 Mkunjo
Nimefanya A, B na C za Ngomakali, biti ya 90, maiki sentimita 15, chumba chenye mablanketi. A iko mbele wazi. C iko karibu na A kuliko B kwa pumzi na matamshi, lakini irabu ndefu za C zinatetemeka kuliko hata za B. Mablanketi yamepunguza tofauti ya chumba, hayajaiondoa. K mbili zimebaki B na C, A hazipo.

#31 Ngomakali
Pumzi na matamshi! Nilisema.

#32 binti_sauti
K mbili zimebaki. Nami nilisema. Mkunjo, C ulitumia algoriti gani kunyoosha, na ukubwa wa vipande uliuacha ulivyo? Shusha hadi milisekunde 20 kwa konsonanti, rudia.

#33 DiEsa
Na teki kavu ya B, kabla ya plagini, ikimbizwe mara moja kwa njia ya kanda bila kujali tempo, iwe 113 BPM. Hapo utakuwa na uchanaji wa kawaida bila makovu ya plagini. Ndilo jaribio alilolidai Ngomakali kwenye #8. Linganisha neno moja moja, si mstari mzima, maana kasi itakudanganya.

#34 Mkunjo
Kesho jioni. Nitaweka faili kavu za 71.4 na 90, kila mtu akimbize kwa mashine yake.

#35 Kanda4
Weka WAV, usiweke MP3. Na acha kliki nne mwanzoni mwa kila faili, tupate pa kulinganishia.